Kompyuta imechemsha, nimeipeleka kwa fundi rejeta

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa nyumbani Himo nahangaika na maji, nitaeleza maji gani. Sasa nimerudi chuo na nina hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie, ya leo ni ndefu.

Hasira imeanzia chumbani kwetu. Juzi usiku niliwasha kompyuta yangu mbele ya watu sita. Wakaona mipira miwili inatoka ubavuni mwa kasha, inaingia kwenye rejeta ndogo ya gari iliyofungwa kwa waya, na maji yanazunguka taratibu. Wakacheka. Kucheka siyo kesi, hata mimi siku ya kwanza nilicheka. Kesi ni maneno yaliyofuata.

Wa kwanza: "Wewe si unasoma ualimu? Hayo waachie watu wa injinia."

Wa pili: "Mambo ya Wazungu hayo, bila dola mia tatu usijaribu, utaunguza kila kitu."

Wa tatu, na huyu ni rafiki yangu kabisa: "Yaani bumu la watu limeishia kwenye mabomba!"

Wa nne ni mwalimu wetu mmoja, ambaye habari zilimfikia kesho yake asubuhi (mnajua chuo chetu, habari zinatembea kuliko hiace). Akasema mwalimu mtarajiwa aandae lesoni pleni, aachane na michezo.

Nimekaa siku mbili nayatafakari. Nimeona niyajibu hadharani, maana siamini kwamba ni maneno ya watu wanne tu. Ni maneno yetu wengi hapa chuoni, na tusipoangalia tutayapeleka mpaka madarasani.

Kwanza niwaambie kilichotokea.

Nina kadi ya grafiki aina ya GTX 1070. Ni kadi ya mwaka 2016, ina memori ya giga 8 na inakula umeme hadi wati 150. Kadi kama hizi nyingi zilikuwa zinachimba sarafu za mtandaoni huko nje. Septemba 2022 mfumo wa Ethereum ulipoacha uchimbaji wa kutumia kadi, wachimbaji wakazimwaga sokoni, na nyingine zimetufikia sisi wa mwisho kwenye foleni. Yangu niliinunua Dar kwa mtu, shilingi 220,000, hela ya tuisheni niliyofundisha likizo mbili. Nilijua feni moja kati ya mbili imekufa. Ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Kazi yake ni nini? Natengeneza vikatuni vya fizikia kwa Kiswahili, kwa kutumia programu ya Blender. Mwendo wa mawimbi, chembe za gesi zikigongana, vitu vya namna hiyo, niende navyo kwenye BTP nikapange somo na wanafunzi waone kitu kinatembea. Kikatuni cha sekunde 40 kinaweza kuichosha kadi usiku kucha. Na Himo wadau siyo Marangu. Marangu kuna ubaridi wa mlima, Himo iko chini, njia panda ya malori ya Holili, vumbi na jua. Usiku chumba changu kinasoma nyuzi 30. Kadi ilikuwa inapanda mpaka nyuzi 83, ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kazi iliyopaswa kuisha saa kumi alfajiri inaisha jua limeshawaka, kama umeme haujakatika katikati.

Siku moja mama yangu aliingia, akaweka mkono juu ya kasha akautoa haraka. Akasema, "Hii imechemsha. Si uipeleke kwa fundi rejeta?"

Alikuwa anatania. Mama anauza ndizi sokoni, hana habari na kadi za grafiki. Mimi sikulala usiku ule.

Kwa sababu mama alikuwa sahihi. Kadi ya grafiki na injini ya lori la Holili zina tatizo moja: joto linatengenezwa mahali padogo kuliko pa kulitolea. Dawa ya injini tunaijua wote. Unapitisha maji karibu na moto, maji yanabeba joto, unayapeleka kwenye rejeta penye eneo kubwa na upepo, maji yanapoa, yanarudi. Basi. Na wazo la kuhamishia dawa hiyo kwenye kompyuta wala siyo langu. Miaka ya 2000 mwanzoni vijana wa Marekani walikuwa wanang'oa hita za magari makuukuu, iliyosifika zaidi ni ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977, wanaunga na pampu za matangi ya samaki, wanapoza kompyuta zao. Mwaka 2004 Apple wenyewe walitoa Power Mac G5 inayopozwa kwa maji, na baadhi zilikuja kuvuja. Maduka ya seti zenye mataa ya rangi yamekuja kushamiri baadaye, gereji zilitangulia. Kwa hiyo wewe wa pili uliyesema mambo ya Wazungu, ni kweli Wazungu walifanya. Ila walianza na vyuma chakavu, na vyuma chakavu Himo tunavyo tele.

Kabla ya kutoa hata senti nilipiga hesabu. Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa fizikia msome polepole.

Kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja. Sote tuliikariri kidato cha tatu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya hewa haifiki hata gramu moja na robo, na inabeba jouli moja na kidogo tu kwa nyuzi moja. Yaani lita kwa lita, maji yanabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Ndiyo maana bomba jembamba la maji linafanya kazi ambayo feni inaifanya kwa kelele nyingi.

Sasa chukua ndoo ya lita 20, ile ile ya kuogea. Jouli 84,000 kwa kila nyuzi moja. Kadi inatoa jouli 150 kila sekunde. Gawanya: sekunde 560, kama dakika tisa na nusu hivi, maji yapande nyuzi moja. Kwa hiyo bila rejeta yoyote, pampu na ndoo tu, nina saa moja na nusu kabla maji hayajapanda nyuzi kumi.

Nilijaribu. Nilitumbukiza kipimajoto kwenye ndoo, nikawasha kazi, nikakaa na saa. Baada ya saa moja na nusu hesabu ilisema nyuzi kumi, ndoo ikasema nane. Mbili zimepotea hewani kupitia ubavu wa ndoo na uso wa maji. Aisee wadau, nina miaka zaidi ya kumi na tano shuleni na ilikuwa mara ya kwanza hesabu ya kitabu na kitu kilicho mbele yangu kusalimiana. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Hata hivyo ndoo haitoshi kazi ya usiku kucha, maana joto linajikusanya humo humo halina pa kutokea. Hapo ndipo nikaenda kwa fundi rejeta kweli.

Yuko jirani na kituo, nyuma ya gereji za malori. Mzee wa miaka sitini na kitu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu kwa aibu aibu, nikitegemea anifukuze. Hakucheka hata kidogo. Akaniuliza swali moja: "Hiyo mashine yako inatoa joto kiasi gani?" Nikamwambia wati 150. Akauliza kama ni sawa na pasi. Nikasema pasi ni kama mara saba yake. Akasema, "Basi hiyo ndogo. Nitakupa hita."

Hita ni ile rejeta ndogo ya ndani ya gari, ya kumpasha dereva joto. Magari yanakuja nayo kutoka nchi za baridi, na hapa Himo nani anahitaji kupashwa joto? Mafundi wanaing'oa ikianza kuvuja, wanaunga mpira moja kwa moja, gari linaendelea. Zimejaa. Akachukua tupa, akakwangua pembeni ya moja ikatoa rangi nyeupe, akaitupa. Akakwangua nyingine ikatoa wekundu. "Hii shaba. Ile alumini. Bomba lako la kwenye mashine ni la nini?" Nikasema shaba. "Basi chukua shaba. Ukichanganya, maji yataila alumini."

Nikaduwaa. Hiyo ni elektrokemia! Metali mbili tofauti ndani ya maji yanayopitisha umeme zinakuwa betri, na ile inayoachia elektroni kirahisi zaidi inaliwa. Sisi tumefundishwa kwa wiki tatu na safu ya metali tunaikariri kwa wimbo. Yeye ameishia darasa la saba, ameisoma kwenye rejeta zilizotoboka. Mnajua wengine mtandaoni wanauziwa seti za bei chee, bloku ya shaba na rejeta ya alumini, na baada ya miezi wanashangaa maji yamekuwa tope.

Akaiziba ncha moja, akaunga pampu ya upepo ncha ya pili, akaizamisha kwenye pipa la maji. Viputo vikatoka mahali pawili. Akalehemu, akazamisha tena, kimya. Hita 15,000, kazi yake 5,000.

Nisijifanye fundi. Niliharibu pia. Pampu ya kwanza niliyonunua ilikuwa ile ya gari inayorusha maji kwenye kioo, 10,000. Nilijiona mjanja. Ikafanya kazi dakika ishirini, ikatoa harufu, ikafa. Niliporudi kwa mzee akaniambia, "Mwanangu, hiyo imetengenezwa kwa sekunde tano. Dereva gani anaosha kioo saa nzima?" Nikaagiza Kariakoo ile pampu ndogo ya voti 12 isiyo na brashi, 25,000, mpaka leo inazunguka.

Na ya pili: siku ya kwanza ya majaribio kiungo kimoja kilidondosha. Tone moja kila dakika kadhaa, kando kabisa ya madabodi. Ila kompyuta ilikuwa imezimwa. Hili nawaomba sana atakayejaribu asilipuuze: unatenganisha kila kitu na pawa saplai isipokuwa pampu, kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 unaunganisha waya wa kijani na mweusi, pampu inazunguka peke yake. Tandika toileti pepa chini ya kila kiungo. Acha saa 24. Karatasi ikilowa unajua wapi. Mimi nilibadilisha klipu, nikarudia saa 24 nyingine.

Upepo nao ulinisumbua, maji yanagoma kuzunguka, pampu inakoroma. Mzee tena: "Toa upepo. Weka chombo cha maji juu kuliko vyote, inamisha rejeta huku na huku." Dakika kumi, kimya.

Maji yenyewe siyo ya bomba, maana yana chumvi zinazoganda humo ndani. Ni maji ya betri, yale safi, na muulize muuzaji mara mbili asije akakupa asidi. Ukaongeza kulanti kidogo kuzuia kutu na ukungu. Kidogo tu, kwa sababu ukiizidisha maji yanabeba joto pungufu. Na kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu, usiache chupa wazi penye watoto au mbwa.

Bloku ya shaba ya milimita 40 kwa 40 nilikata vipande vya bati nene na skrubu nne kuibana juu ya chipu. Chipu nane za memori na zile sehemu za kugawa umeme bloku haizifikii, kwa hiyo nimebandika vipande vidogo vya kupozea, na feni moja ya kawaida inazipulizia. Ukisahau hizo, chipu kubwa itakuwa baridi huku majirani zake wanaungua.

Matokeo? Chumba nyuzi 30, kadi nyuzi 54. Kikatuni kilichokuwa kinachukua saa tano na dakika kumi sasa saa nne na dakika ishirini. Na nasikia vyura nje.

Haya, sasa tujibizane.

Wewe wa bei. Hita 15,000, kulehemu 5,000, pampu 25,000, mpira mita tatu 6,000, klipu nane 4,000, bloku 30,000, maji ya betri lita mbili 3,000, kulanti 5,000, grisi ya joto 5,000. Jumla 98,000. Ongeza 10,000 za ujinga wangu wa pampu ya kioo, 108,000. Dola mia tatu ziko wapi hapo? Ulisoma bei ya seti dukani ukadhani ni bei ya maarifa.

Ila nikubali jambo moja, maana sipendi kushinda kwa uongo. Kama shida ilikuwa kupoza tu, feni mbili za kawaida na grisi mpya zingepunguza nyuzi nyingi kwa 25,000 hivi. Atakayekwambia maji ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote anakudanganya. Kuna mwingine alinishauri niweke barafu kwenye ndoo. Hapana. Rejeta haiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa ya chumba, na hapo ndipo salama. Ukiyashusha kwa barafu, mvuke wa hewani utaganda matone juu ya kadi kama kwenye chupa ya soda, na hapo ndipo utaunguza kila kitu.

Wewe wa bumu. Kwenye 108,000, elfu 60 zilitoka kwenye bumu, nyingine tuisheni. Kwa hesabu ya 10,000 kwa siku, ni siku sita za chakula, na nilizilipa kwa kula ndizi za mama mwezi mzima. Sikatai kuulizwa, hela ya mkopo nitairudisha na wewe ni rafiki. Nauliza tu, mbona hatuulizani kuhusu simu? Kuna watu hapa bumu la kwanza lote limeishia kwenye simu ambayo hawajui ndani mna nini, wala hawana mpango wa kujua, na tunawaita wajanja. Mimi nimenunua mipira na klipu nikajifunza mambo matano, naitwa mpuuzi.

Wewe wa injinia. Hili ndilo linaloniuma, maana ni ugonjwa. Nani alisema kushika spana ni cheo cha mtu mwingine? Wazee wetu wa mlimani walichimba mifongo, mifereji inayochukua maji kwenye korongo juu kabisa, inapita kwenye mabega ya vilima kilometa kwa kilometa, maji yanafika kwenye migomba bila pampu. Ukikosea mteremko kidogo tu, maji yanasimama au yanabomoa kingo. Walikuwa na koo za kuitunza, zamu za kufungulia maji, na adhabu kwa anayeiba zamu. Hakuna aliyewaambia waache hayo kwa watu wa injinia. Sisi wajukuu zao tumepata vyeti tukaanza kuogopa bomba la milimita nane.

Na huu ubishi mwingine wa mtandaoni, eti rejeta lazima ije kabla ya bloku la sivyo umeharibu. Watu wanatukanana kurasa kumi. Piga hesabu: pampu yangu inasukuma kama lita mbili kwa dakika, wati 150, maji yanapita kwenye kadi na kuongezeka nyuzi moja na kitu tu. Moja! Mpangilio wowote ni sawa sawa tu, mradi pampu isikose maji. Hesabu ya mistari mitatu ya kidato cha tatu inamaliza ugomvi.

Sasa mwalimu wangu, kwa heshima zote, shikamoo. Ulisema niandae lesoni pleni. Naomba nikusimulie kitu ambacho sijamwambia mtu.

BTP ya mwaka jana nilipangiwa kidato cha tatu. Nimeandika ubaoni uwezo wa joto mahususi, nimetoa fomyula, nimetoa mfano wa kilo mbili za maji, kila kitu kimenyooka, lesoni pleni yangu ilisifiwa. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii inatumika wapi?" Nikasimama. Nikatafuta kichwani, sikupata kitu. Nikamjibu, "Inatumika kwenye mtihani." Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka nao. Yule binti akakaa, na kwa wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba huko Lushoto, walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaweka maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Akauliza kwa nini. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya utani. Siku Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza shuleni, Mpemba akamuuliza yeye. Osborne hakuamini, ila alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na Mpemba wakati huo alikuwa hapa hapa juu yetu, chuo cha wanyamapori Mweka. Hadi leo wanasayansi wa dunia wanabishana kama jambo hilo ni la kweli na kwa nini. Tatizo la wale walimu halikuwa kutojua jibu, maana hata maprofesa hawakubaliani. Tatizo ni kwamba walicheka badala ya kuchukua kipimajoto.

Nilipokuwa nasimulia kisa hicho miaka yote nilijiweka upande wa Mpemba. Kumbe mwaka jana nilikuwa upande wa mwalimu.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, hii ndiyo lesoni pleni yangu. Ndoo ya lita 20, pampu, hita ya shaba, kipimajoto na saa. Shule nyingi tutakazopelekwa maabara ni kabati lenye kufuli, lakini ndoo zipo kila mahali. Hata kadi ya grafiki siyo lazima, hita ya kuchemshia maji ya kuoga yenye wati zilizoandikwa ubavuni inatosha. Wanafunzi wakokotoe kwanza, waandike jibu, halafu wapime. Na pale ambapo hesabu inasema kumi na ndoo inasema nane, hapo ndipo somo linapoanza: mbili zimeenda wapi?

Mkiniambia huo ni mchezo, sawa, ni mchezo. Ila nisikilizeni: tunasoma miaka mitatu kwenda kuwafundisha watoto joto, na wengi wetu hatujawahi kulipima. Mzee wa rejeta analipima kwa kiganja kila siku. Kati yangu na yeye, kabla ya mwezi uliopita, nani alikuwa mwalimu wa fizikia?

Nilimpelekea picha ya kompyuta ikifanya kazi. Aliitazama muda mrefu, akauliza kama mipira haigusi feni. Nikamwambia haigusi. Akasema baada ya miezi sita nibadilishe maji, na kama kuna wanafunzi wanataka kuona namna ya kulehemu waje, ila wasije siku ya soko.

Mama naye ameona. Amesema sasa imebaki breki na honi.

Haya wadau, wanaotaka kwenda kwa mzee mnishtue, tutapanda hiace moja. Nyie mliocheka na nyie karibuni, nafasi zipo. Ila mje na kipimajoto.

Alamsiki.